Kengele ya Mpangaji

3 Machi

Mke mwenzangu,

Pokea salamu za bibi yako. Mimi mzima, ila goti la kushoto linajifanya ni la mtu mwingine. Wewe hujambo? Kifua je? Umeacha kulala na nywele mbichi? Anayeniandikia ni Mkunga, yule yule aliyekutoa tumboni mwa mama yako ukitanguliza miguu. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asinipambe. Shule sikwenda, lakini nikitukana nataka tusi lifike lilivyo.

Sasa sikiliza. Jumanne alfajiri nimeinama nachochea moto, nikasikia mbuzi wanalia kilio kisicho cha njaa. Kufika zizini, yule jike mwenye mimba, Bi Mkubwa, paja limechanika kama kitambaa kikuukuu, na sikio limebaki nusu. Mwenzake mdogo amekufa. Hakuliwa. Ameraruliwa nyuma, akaachwa pale pale.

Watu wakaja, kila mmoja na mdomo wake. Fundi Viatu, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, anasema ni chui, ameyaona macho. Nikamwambia, miwani yako ina kioo kimoja, wewe umeona jicho. Chui hukaba koo na kubeba alichoua. Hana muda wa kuchana makalio ya watu. Lakini nilichokuwa nacho kichwani sikukisema.

Bi Mkubwa nimemshona kwa uzi wa magunia. Mkunga alishika kichwa, akasema yeye amezoea upande wa pili.

Situlii, mjukuu wangu. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui niliinukia nini. Wamebaki sita, na bila hao mimi ni kikongwe wa kuomba chumvi mlango kwa mlango.

Mpangaji wako hajambo. Asubuhi ile alikuwa wapi sijui. Alirudi jua limetoka, miguu tope tupu, akadai uji.

Bibi yako


14 Machi

Bibi, shikamoo.

Natumaini goti limerudi kwa mwenyewe. Mimi sijambo, kifua kimetulia, ingawa humu chumbani mwa pasi joto halina adabu. Mashuka ya hospitali hayaishi, yakitoka asubuhi jioni yamerudi. Barua yako niliisomea kati ya mapipa ya nguo, nikairudia mezani, nikaunguza foronya. Msimamizi ameitundika ukutani ili nione aibu.

Mwenzangu wa meza ya pili alikulia kwenye mbuzi. Anasema yule kiongozi wao avalishwe kengele, mnyama wa porini huogopa sauti ya chuma. Nimekutumia moja kwa dereva wa lori la sabuni.

Na Mpangaji alale mlangoni mwa zizi. Nilipomwokota kwenye lango la machinjio alikuwa kitoto cha mbwa, hata macho hajafumbua. Nilimlisha uji kwa kijiko, wewe ukasema nimeleta mpangaji asiyelipa kodi. Sasa ndio wakati wa kulipa. Yeye ndiye kitu pekee nilichokuachia, Bibi. Mtunze, naye akutunze.

Mjukuu wako


27 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa tunapumua. Foronya umeunguza moja tu? Basi bado hujawa fundi.

Kengele imefika, nzuri, ina sauti ya kuamsha wafu. Nikamfunga beberu. Siku ya tatu, asubuhi yenye ukungu, wale wararuaji walirudi, wakaenda moja kwa moja alipo. Huyo mwenzako wa meza ya pili mwambie amenisaidia kuwaita wageni mezani. Beberu alijitetea kwa pembe, amepona, lakini kengele nimeivua.

Ila kubwa silo hilo. Tulikaa kikao kwenye banda la mashine ya kusaga. Watu wanataka kuchimba mtego wa chui. Nikachoka kusikiliza ujinga, nikasimama. Nikasema: hakuna chui hapa. Hawa ni mbwa. Mbwa huuma nyuma, huuma masikio, huua na kuacha. Ni wale wa machinjio. Miaka yote walikula matumbo ya bure. Machinjio yamefungwa tangu mwaka jana, mlidhani wamehamia wapi?

Fundi Viatu akakohoa. Akasema, "Bibi, na yule wako si wa machinjio?"

Mjukuu wangu, ulimi uliponza kichwa, nami wangu umemponza mbwa wa watu. Wote wakanigeukia. Wengine wakasema apigwe leo leo. Fundi ndiye aliyesema tungoje. Akiumwa mbuzi mwingine, na siku hiyo Mpangaji hakuwa nyumbani, basi apigwe.

Nikaenda nyumbani, nikarudi naye na kengele. Nikamvalisha mbele yao kwa kipande cha kamba. Nikasema, "Mna masikio? Haya. Mtasikia wenyewe anakokwenda." Akatembea katikati ya kikao, kengele ikilialia, kama bwana harusi. Hata Fundi alicheka.

Mkunga anasema nimejigamba. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Bibi yako


5 Aprili

Bibi, shikamoo.

Habari za hapo? Mimi mzima wa mwili tu. Tangu barua yako nasikia kengele kwenye mabomba ya mvuke, kwenye magurudumu ya toroli, kila mahali.

Kwa nini ulisimama, Bibi? Wangechimba shimo lao la chui, wangechoka, yangekwisha. Mpangaji hajawahi kumuuma hata kuku. Mbona umempeleka mwenyewe kwa watu wanaotafuta wa kumpiga?

Mfunge ndani. Tafadhali. Nimeomba ruhusa ya siku nne, msimamizi amesema hadi Juni.

Mjukuu wako


16 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hali ya hapa si njema, kwa hiyo nisikuzungushe.

Nilimfunga. Alikata kamba. Nikamfunga kwa mnyororo wa ndoo ya kisima, akalia siku nzima hadi maziwa ya Bi Mkubwa yakakauka. Amezaa, nilisahau kukwambia, mapacha, wote majike. Nikamfungua ili wanyonye.

Juzi alfajiri nilikuwa nje na ufagio. Ukungu ulikuwa mzito, zizi hulioni. Nikasikia kengele yako inashuka kijitoni, haikimbii, inakwenda kama mtu anayejua njia. Halafu nikasikia wengine. Miguu mingi kwenye majani, na pumzi. Na kengele katikati yao, mjukuu wangu. Haikuwa nyuma ikiwafukuza. Ilikuwa katikati.

Nilisimama na ufagio wangu nikasema pengine masikio yamezeeka. Jua lilipotoka, Fundi alikuwa anaita watu. Mwanambuzi wake amekufa, ameraruliwa nyuma. Yeye na mkewe walikuwa wamelala kwa dada yake, kengele hawakuisikia. Wengine wako mbali na kijito.

Mpangaji akarudi. Akalala pale anapolala. Kwenye ndevu zake palikuwa na manyoya meupe. Mbuzi wetu hakuna mweupe. Nikamwosha mdomo kwa maji ya vuguvugu. Mimi, bibi yako, nilimwosha.

Wanaojua ni mimi na Mkunga, na sasa wewe. Nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bibi yako


22 Aprili

Bibi, shikamoo.

Nyamaza. Ndilo ninaloomba. Hakuna aliyesikia. Vua kengele, useme imepotea. Mpe dereva wa lori la sabuni amlete kwangu, nitamficha kwenye stoo ya mashuka hadi nipate pa kumweka.

Nilipoondoka hakuwa na wa kumfuata. Pengine aliwafuata wale kwa sababu hiyo tu. Hilo ni kosa langu, si lake.

Usiseme, Bibi. Ukisema, usiniandikie yatakayompata.

Mjukuu wako


2 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hutaki barua hii. Mkunga ameniuliza mara mbili kama niko tayari. Andika, mama.

Nilisema.

Jana niliamka, nikamchukua pacha mmoja wa Bi Mkubwa, nikavuka kijito na goti hili. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, misumari mdomoni, anagonga kisigino. Nikamweka mwanambuzi juu ya viatu vya watu. Nikasema, "Wako. Wa kwako aliuawa na wangu pamoja na wenzake. Kengele niliisikia nikanyamaza siku kumi na saba. Unitukane ukitaka."

Akatema misumari mmoja mmoja. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Akainuka, akachukua panga nyuma ya mlango.

Nikamwambia, "Kaa. Hujamaliza kusikiliza. Wale ni wanane au tisa. Ukimuua huyu mmoja, kengele itanyamaza. Waliobaki watakuja kimya kimya, na wewe una kioo kimoja."

Akasema, "Kwa hiyo mwizi ndiye awe mlinzi wetu?"

"Mlinzi gani? Huyu ni mwizi aliyefungiwa tarumbeta."

Akakaa. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho akasema mbwa aachiwe aende anakokwenda, na kila nyumba ikisikia kengele itoke na fimbo na sufuria. Amekubali hadi Juni mosi tu. Baada ya hapo panga linatoka tena nyuma ya mlango, na mimi nimetoa neno langu kwamba sitamfungia njia.

Hukutaka nikuandikie. Lakini mimi siwezi kuishi na mbwa niliyemwosha mdomo, nikapita kwa jirani nikimwomba moto. Na kumficha kwenye mashuka ya wagonjwa kungemfunga kuliko mnyororo. Nikasirikie. Hasira yako naiweza. Kifua ukilinde.

Bibi yako


19 Mei

Mke mwenzangu,

Hujambo? Dereva wa lori la sabuni amepita mara mbili mikono mitupu. Nikamuuliza kama umehama, akasema yuko pale pale, anapiga pasi, hacheki.

Hapa, kengele ikisikika tu, kijiji kizima kinatoka. Mke wa Fundi ana sufuria ambayo sasa haifai hata kwa ugali. Mara nne wale mbwa wamekuja, mara nne wamerudi na njaa. Hakuna mbuzi aliyeguswa. Wenzake wameanza kumchoka Mpangaji wako. Jumamosi alirudi na pua imechanwa, si kwa fimbo ya mtu.

Nijibu hata kwa tusi. Mkunga atalisoma, amekwisha zoea.

Bibi yako


31 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu, wewe uliye kimya. Mimi mzima.

Ijumaa saa sita mchana kengele ililia kule machinjio ya zamani, na haikuwa ikitembea. Ililia mfululizo, kama mtu anayetikisa kopo. Bwana Mifugo alikuwa hapa na bunduki yake, anachanja kuku. Tukaenda wote. Mimi na goti.

Walikuwa ndani, pale sakafuni watu walipokuwa wakichinjia, mbwa wanane juu ya mmoja. Kengele ililia kwa sababu walikuwa wakimtafuna. Bwana Mifugo akainua bunduki, akasema hawezi kuchagua. Nami nilikuwa mbali, naburuta mguu.

Aliyepiga kelele ni Fundi. "Mwenye kengele aachwe. Huyo ni wetu." Akaingia na panga, wengine na fimbo, wakamburuta nje kwa kamba ile. Wale wanane sitakuficha, hawapo tena. Sikuangalia, lakini nilihesabu.

Mpangaji amepoteza sikio la kulia. Nimemshona kwa uzi ule ule wa Bi Mkubwa, sasa wanafanana. Kesho ni Juni mosi. Fundi amepita jioni hii, hakutaja panga.

Na leo lori limefika. Dereva amenipa kifurushi chako. Mkunga alikipekua, akakung'uta karatasi, akatafuta barua. Hakuna. Ulikuwa mkanda wa shingo tu, umeshonwa kwa turubai la toroli za nguo, mishono midogo midogo, na ndani umeweka kitambaa laini ili usimkwaruze. Kwenye kona ya kitambaa pana alama ya pasi iliyoungua.

Mkunga akasema pole, hakukuandikia kitu. Nikamwambia, wewe na shule yako yote. Hii nimeisoma mwenyewe.

Fundi ameutoboa tundu moja zaidi, maana mbwa amekonda. Kengele tumeirudisha hapo hapo. Yuko mlangoni mwa zizi, haendi popote, inalia akijikuna. Watu wanasema sasa nipumzike. Ikilia namwambia tulia, wewe mbwa. Ikinyamaza nainuka kwenda kumtazama.

Ruhusa yako ni Juni. Njia unaijua.

Bibi yako