Nipumulie Usoni

Usagara, Jumatatu, 1955

Semeni shoga yangu, Usagara nzima hakuna mwanamke anayejua kuficha jambo kama mimi. Leo nimekamatwa hata buibui sijavua.

Unajua daktari alivyomkataza Hamad kahawa kwa ajili ya moyo wake, nami nikamwapia kuiacha ili asiteseke peke yake. Na vikombe ninavyokuja kunywa kwako kila asubuhi unavijua!

Basi nimerudi, akaniita, "Wanu, njoo karibu." Kila siku nikitoka kwako huniita hivyo, tukawa uso kwa uso. Mimi kikongwe nikajivuna, nikidhani mahaba yamerudi!

Leo yu kitandani, moyo umemzidia, hata kichwa hawezi kuinua. "Karibu zaidi," akasema. "Nipumulie usoni."

Nipumulie! Semeni, mume wangu alikuwa akinusa kahawa! Miezi yote hii! Ndiyo raha pekee iliyombakia, naye kuomba anaona haya.

Machozi yakanitoka. Na bado nikasema, "Bwana, kahawa sijaigusa, haki ya Mungu. Natafuna karafuu kwa ajili ya jino."

Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Na tangawizi ya Semeni, nayo ni ya jino?"