Baba Adalbert Kapya na Vitabu Vyake vya Nyumba za Élisabethville

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Juni 1955 ulipotutoka, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mabati ya mtaa wetu wa Cité Albert. Baridi ya Juni imerudi. Koti lako liko bado kwenye msumari, na Mama hataki liondolewe.

Ulitoka Pweto mwaka 1923, kijana asiyejua kazi nyingine ila nyavu. Mjini walikupa kwanza kubeba udongo wa kujengea, baadaye wakakupa mwiko wa mwashi, na mwiko huo hukuuweka chini kwa miaka thelathini. Kutembea nawe Jumapili, siku ya Mungu, ilikuwa kazi. Ulisimama kwenye kila pembe ya barabara, ukaweka kiganja ukutani kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hata kwenye kanisa kubwa Mama ilimbidi akuvute mkono: padri ameshaanza misa, nawe uko nje unatazama mistari ya matofali.

Vitabu vyako vilianza kwa picha moja. Mwaka 1927 mpishi wa mapadri alikuletea gazeti lenye picha ya shule mliyokuwa mmeimaliza, akakusomea maneno ya chini yake. Lilimtaja mkubwa aliyekuja kuifungua, aliyechora ramani, na mwenye kampuni. Ukauliza kama waashi wametajwa. Akasoma tena polepole, akasema hapana. Hukukasirika. Uliikata ile picha, ukaibandika kwa uji mzito wa muhogo juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, ukamwomba aandike chini yake majina ya waashi tisa walioijenga. Halafu ukaenda kwa mapadri kujifunza kuandika, ili usimsumbue tena.

Ndivyo vilivyopatikana vitabu vinne, vimeshonwa kwa uzi wa katani. Mna stesheni, posta, mahakama, maduka ya Wagiriki, na zile nyumba zenye baraza pana ambazo mtu wetu, akishamaliza kuzijenga, aliingia kwa mlango wa nyuma tu. Chomba, mpiga picha wa mtaani kwetu, alikupigia zile ambazo magazeti yalizisahau, nawe ukamjengea ukuta wa studio yake. Binti yako Julienne alipofika darasa la tatu kwa masista, ulimpa kazi ya kukusomea Kifaransa cha magazeti. Akiruka neno, ulijua. Ulimwambia arudie pale, bila kuinua macho.

Tunataka watu wasikie pia habari ya mwaka 1949, maana wewe mwenyewe hukuisimulia.

Duka la orofa lenye upinde mbele, mlilolijenga mwaka 1928, lilikuwa linabomolewa. Jumamosi moja, siku ya posho, ulikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, kitabu cha kwanza kwapani, ukimngoja Chomba na kamera yake. Polisi akafika mbele yako.

“Unaangalia nini ku nyumba ya bazungu?”

“Niko naangalia kazi yangu,” ukamjibu.

Hakuelewa. Alifungua kitabu, akaona nyumba za Wazungu ukurasa kwa ukurasa, na chini yake majina ya watu weusi, akaingiwa na mashaka, akakupeleka ofisini kwao. Jioni walikuachia, lakini kitabu kilibaki ofisini. Jumamosi nne ulirudi kukiomba, kofia mkononi, na mara zote nne ulirudishwa mlangoni. Chakula kikakushinda. Mama alikushauri uachane nacho, kwa kuwa una vingine vitatu. Ukamwuliza kama yeye angemwacha mtoto wake wa kwanza kwa kuwa amebaki na wengine.

Jumamosi ya tano karani kijana alikuita ndani. Jina lake Alphonse. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, kwenye picha ya duka lilelile likijengwa, na kidole chake kilikuwa juu ya mtu aliyesimama kileleni mwa jukwaa la miti, timazi mkononi.

“Baba, huyu muntu ni nani?”

“Ule ni Mwape wa Kasenga. Yeye njo alijenga ule upinde.”

Ukamweleza jinsi Mwape alivyokuwa akiimba kazini, na jinsi alivyoanguka kutoka jukwaa hilo wiki tatu baada ya picha, akafa, akamwacha mke mwenye mimba. Karani akainamia picha.

“Ule njo baba yangu,” akasema. “Sikumuonaka hata siku moja.”

Wewe uliyetukataza kugusa vitabu kwa mikono yenye mafuta, ulitoa kisu mfukoni, ukakata uzi, ukampa ukurasa mzima. Nyumbani ulikula bukari, ugali wetu, kisha ukamwambia Mama kwamba umetoa karatasi moja, na asikuulize leo. Alikuuliza kesho yake. Ukalia. Ndipo akajua kwamba siku ile ya kuanguka Mwape alipanda jukwaani kwa zamu yako, kwa sababu wewe ulikuwa umelala na homa. Miaka ishirini na mmoja hukumwambia mtu.

Wiki iliyofuata ulikwenda kumwambia Alphonse mwenyewe. Alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba, homa haiko kosa.” Tangu hapo amekuwa mtoto wa nyumba hii, naye alibeba jeneza lako upande wa kichwa.

Kifua kilipokulaza hospitalini, ulimwomba Julienne akutembeze mjini kwa mdomo. Alitaja nyumba moja moja kuanzia stesheni, nawe ukawataja waashi wake. Mlipokaribia mahakama ukasinzia. Barabara hamkuimaliza.

Katika vitabu vyako zimebaki nyuso kumi na moja ambazo hatujui ni za nani. Chini yake uliacha nafasi tupu. Ninyi waashi, wachanganya udongo na wapaka chokaa wa zamani mliobaki, njooni Cité Albert, mwulize nyumba ya Kapya. Vitabu viko mezani, na Julienne ameshachonga penseli.

Misa yako itasomwa Jumamosi hii asubuhi. Wanaokukumbuka: mke wako Jeanne Nkandu, watoto wako Julienne, Edouard na Alphonse Mwape, dada yako Kasonde aliyeko Pweto, na rafiki yako Chomba.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.