Makochi Kabla ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa marehemu mdogo wangu amefuzu. Alama zake za mikopo zimevuka kiwango ambacho benki inakitaka ili kumpa mkopo wa nyumba. Nimemsimamia mwaka mzima kama ninavyowasimamia wateja wangu wanaonilipa niwarekebishie kumbukumbu zao za mikopo. Deni la zamani la simu limelipwa. Deni la mtu mwingine lililoandikwa kwa jina lake limefutwa. Hakuna rejesho lililochelewa.

Benki itazitazama alama hizo mara ya mwisho Ijumaa asubuhi. Mwenye nyumba hatangoja zaidi ya hapo. Ana mnunuzi mwingine, mwenye fedha taslimu. Nimewaambia, yeye na mumewe: hadi Ijumaa, msikope chochote. Mkwe akacheka. Hata chumvi kwa jirani, Baba Mkubwa?

Hata chumvi!

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa asubuhi ameniuliza kama ipo dawa ya kupandisha alama kwa usiku mmoja. Ipo. Kuzaliwa upya.

Jumatano, 5 Machi

Wamekopa makochi.

Nimeyaona kwa macho yangu. Seti nzima, rangi ya maziwa, katika chumba kimoja cha kupanga! Kitanda kimesimamishwa ukutani kama mshitakiwa. Binti amesaini mwenyewe. Ofa ilikuwa inakwisha, anasema, na nyumba mpya haiingiwi na mikeka. Nikamuuliza nilisema nini Jumatatu.

"Ulisema tusikope, Baba Mkubwa. Hatujakopa. Tunalipa kidogo kidogo."

Mwaka mzima wa kazi yangu — kidogo kidogo!

Ofisa wa benki amenijibu kwa simu, kwa adabu ya kukera: deni hilo likiwapo kesho kutwa, nyumba hawapati. Nikaagiza makochi yarudishwe. Hayarudi. Mama mzazi wa mkwe ameshayavua nailoni. Ati yeye hakulelewa kukalia mfuko.

Sikunywa chai yao.

Alhamisi, 6 Machi

Fedha za kulilipa deni lote kwa mkupuo hatuna, wao wala mimi. Duka limekubali jambo moja: deni lihamie kwa mtu mwingine, mradi kumbukumbu zake za mikopo ziwe nzuri. Mke wangu akalitaja jina langu kabla sijameza tonge.

Nikamwambia kanuni yangu haijabadilika. Sisaini deni nisilolila.

"Basi nenda ukayakalie hayo makochi, utakuwa umelila." Kisha, bila mzaha: mdogo wangu angekuwa hai, angesaini kwa ajili ya wanangu bila hata kuuliza rangi.

Nimevaa koti nikaja.

Naandika haya dukani, kwenye benchi la wateja, nipate mahali pa kuelekeza macho. Binti ameketi kando yangu. Karani wa mikopo, mama mwenye miwani, ameingiza namba ya kitambulisho changu mara mbili.

"Mzee, huonekani."

Nikamtaka asome vizuri. Akanigeuzia kompyuta. Sina alama. Si kwamba ni mbaya — hakuna! Mkopo wangu wa mwisho niliumaliza zamani mno, kumbukumbu zake zimekwisha kufutwa. Tangu hapo nimenunua kila kitu kwa taslimu, na nimejisifu kwa hilo mbele za watu. Asiyekopa hapimiki. Nimewaeleza wateja hivyo mara ngapi? Kujitazama mwenyewe — hata mara moja.

Karani ananipa moyo. Nichukue birika la umeme kwa mkopo, nilipe vizuri miezi sita, kisha nije tena. Ushauri sahihi kabisa. Mimi hutoza ada kwa ushauri huo huo.

"Baba Mkubwa, kwa hiyo wewe..." Binti hakumaliza.

Simu yake imeita. Ni mumewe. Amepita kule kwenye nyumba; mlango uko wazi, na yule mwenye taslimu anaonyeshwa jiko. Binti ananitazama. Ofisi ya benki haijafungwa, muda ungalipo. Mwingine wa kusaini simjui.

Karani ananinyooshea kalamu. Birika jeupe, mzee, au jeusi?