Maji Yote Yalipanda Kwako

Amman, Jumatano

Dada yangu mpenzi Rudayna,

Nakusihi kwanza: soma barua hii peke yako, hata mumeo asijue neno lake, mpaka adhuhuri ya kesho ipite. Baada ya hayo nakusalimu kwa mapenzi. Mtoto hajambo? Kitovu kimekauka? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia.

Umesikia kwamba jana zamu ya maji haikufika bondeni. Watu walipanda mapaani wakagonga matangi, yakalia matupu. Leo walijaa ofisini kwetu. Mama mmoja alimwuliza mhandisi wetu, Abu Laith, "We baba, maji ya mji mzima umeyanywa peke yako?" Wakacheka kwa hasira. Mkurugenzi hakucheka. Alisema kesho Abu Laith akabidhi funguo aondoke kazini, kwa kuwa ndiye msimamizi wa programu inayofungua vali za mabomba ya mitaa.

Programu hiyo, dada, hadi sasa inanistaajabisha. Ikiamka husoma faili la mipangilio, ambamo mitaa yote imeorodheshwa, wa kwanza ukipewa namba sifuri. Kisha husoma faili la pili, lenye nguvu kuliko la kwanza. Ukiandika mtaa mmoja tu katika hilo la pili, ukidhani utajiunga na wenzake, haiunganishi. Orodha fupi hukalia kiti cha orodha ndefu, na ile ndefu huwa kama haikuandikwa kamwe. Haiulizi, hailalamiki. Mstari mmoja, Rudayna, na bonde zima likakauka! Subhanallah, niliusoma tena mstari ule nikaogopa kuigusa kibodi.

Mtaa ulioandikwa ni wako. Aliyeuandika ni mimi. Ombi lenu la kuongezewa maji lilikuwa halijatiwa sahihi, nami nilikusikia ukilia kwamba unamwogesha mtoto kwa maji ya chupa. Nilidhani nakuongezea tone tu. Ndiyo maana tangi lako lilifurika hadi ngazini, ukanitumia dua.

Mstari nimeufuta, lakini zamu ya bondeni hairudi mpaka juma lijalo. Na Abu Laith, asiyejua lolote, leo kanimegea mkate wake wenye viungo vya zaatar akisema, "Kula, mwanangu, umekonda kama waya." Kesho, kabla hajatoa funguo, nitasimama niseme.

Wabusu watoto. Fungua bomba la tangi, uwaite watu wa bondeni wachote. Usinipigie simu, huenda wakubwa wa ofisi wakaichukua. Nenda kwa Umm Nidal, muuza mkate anayekabili lango la ofisi yetu, umwachie neno moja tu: wamechota.

Nduguyo,
Mutasim