Pombe ya Kumfaa Mwalimu Gideoni

Jumatatu, 5 Oktoba 1992
Nimechuja tangu alfajiri. Pombe ya mtama imetoka vizuri, nzito, chachu sawasawa. Imekwisha kabla ya saa nane. Wale vijana wa baa mpya pale sokoni na bia zao za kopo watanijua.

Mchana dereva wa lori la korosho kaniletea barua kutoka Lukuledi. Kaka Deo kanijibu kuhusu posa ya Mwalimu. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Anasema mjomba hayupo tena, kwa hiyo neno la posa ni lake, na hatalitoa mpaka anywe na huyo mtu. Tena wanywe mpaka waridhike. Atakuja Jumamosi ya tarehe 24. Kaandika: "Mwanamume anataka kumwoa mpika pombe, na mwenyewe hanywi. Ananificha nini?"

Hana anachoficha. Kwao Singida baba yake alikuwa mzee wa kanisa, pombe haikuvuka kizingiti. Mwenyewe anasema dhambi si tatizo lake. Tatizo lake ulimi, haujazoea pombe.

Nina miaka arobaini na minne. Mjane mwaka wa sita, naye Mwalimu amefiwa na mke. Namtaka mtu huyu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimemwanzisha Mwalimu na ya mtama. Kikombe kidogo tu, cha chai. Kanywa funda moja, macho yakamtoka. "Ina nguvu, Mama Konso." Nikaingia ndani kuchukua kashata. Nachungulia dirishani, namwona anaimwagia mipapai yangu. Polepole, kwa adabu, kama anabatiza.

Imeniuma. Watu wanatoka Kitangari kwa miguu kufuata pombe yangu, yeye anamnywesha mpapai!

Jumapili, 11 Oktoba
Nikafikiri: mtu wa Singida, ulimi wa asali. Nimempikia wanzuki, pombe ya asali. Asali nimeinunua kwa mzee mmoja wa Chiwata, bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Alisifu. Tamu, tamu, tamu. Vikombe vitatu vya haraka haraka kama mtoto na soda. Kisha akatapika kwenye maboga yangu, watu wa ibada ya pili wakipita njiani. Mama Zuhura jirani akaniuliza mgeni wangu ana malaria? Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, maana jioni wameshamletea dawa.

Jumatano, 14 Oktoba
Leo tumegombana.

Kaja mwenyewe na bia ya kopo, kaifunga kwenye gazeti. Ati kajaribu kunisaidia. Siku hizi kila kitu kinatoka nje: mitumba, sabuni, mpaka ulevi. Nikaonja. Chungu kama shubiri, povu tupu. Yeye kafika nusu, kakunja uso, halafu akasema ubaridi wake ni mzuri.

Ubaridi! Mimi maji nayafuata bondeni kwa ndoo kichwani, ananisifia ubaridi wa watu. Nikamwambia basi akaoe friji. Akainuka, akavaa kofia, akaondoka. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha, ningejua la kumjibu.

Jumamosi, 17 Oktoba
Siku mbili hakuonekana. Nimejiona mjinga. Mtu mzima naachika kabla ya kuolewa, kisa kopo.

Mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka kwa wingi. Jana jioni nimeokota yaliyodondoka yenyewe, nikakamua uraka, pombe ya mabibo, ndoo moja, wa kujipoza roho. Uraka hauhitaji maji, heri yake.

Leo saa nane mchana, huyo, kofia mkononi. Anasema alikuwa anasahihisha mitihani. Muongo. Nikampa uraka. Kanywa. Mimi nikaangalia mipapai. Mara nasikia, "Hii ulikuwa umeificha wapi?" Na kikombe kanyoosha tena!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe ni hivyo tu. Uraka una saa zake. Ukiukamua jioni, kesho yake mchana bado mtamu, unatekenya ulimi kidogo. Jioni unauma. Kesho kutwa unaangusha. Mimi nilikuwa namtafutia pombe, kumbe ningemtafutia saa.

Jumatano, 21 Oktoba
Tangu Jumatatu, siku ya tatu mfululizo. Akitoka shule anapita, vikombe viwili, anaaga yuko timamu. Leo kaniambia harufu yake inamkumbusha mananasi. Mpishi hachoki kusikia maneno kama hayo. Nimeimba nikifagia.

Hesabu yangu ni hii: Kaka anafika Jumamosi saa sita. Nakamua Ijumaa jioni. Wakianza kunywa saa nane, uraka uko pale pale kwenye saa ya Mwalimu. Najiona mjanja.

Jumamosi, 24 Oktoba
Siku mbaya. Au nzuri, sijui.

Saa sita hakuna Kaka. Saa nane hakuna. Gari lao lilipasuka tairi pale kwenye mteremko. Kafika saa kumi na moja, vumbi tupu. Nimeuonja uraka: moto. Nikasema nimpe chai kwanza. Akasema chai atakunywa Lukuledi, akachota mwenyewe.

Mwalimu, aliyekuwa anasubiri tangu mchana, akamsalimu, "Shikamoo kaka." "Marahaba, kaa tunywe." Kikombe kwa kikombe. Mwalimu anakunja uso lakini anameza, angewezaje kukataa? Nilipotaka kumpunguzia, Kaka akaniangalia. Nikaacha.

Halafu Kaka akaanza kumchokoza. Kaka yangu mpole, sijui kapatwa na nini! Akamwita mgeni asiye na hata mkorosho mmoja. Akasema mshahara wa ualimu haulishi kuku. Akasema yule mke wake wa kwanza labda alikufa kwa njaa. Niliona aibu, nikataka ardhi ipasuke.

Mwalimu akasimama. Kalewa kabisa, anayumba. Akanijia. Mimi nikajikuta nimeinua mkono mbele ya uso wangu. Sikuufikiria, uliinuka wenyewe. Miaka sita tangu tumzike Baba Konso.

Akaniambia, "Mama Konso, umesimama tangu mchana. Kaa." Akaniwekea kigoda chake, yeye akakaa chini sakafuni. Akamwambia Kaka kwamba mke wake aliumwa moyo, alikuwa mtu mzuri sana. Akalia kidogo. Kisha akaimba jedwali la saba kama anavyowafundisha watoto, akalala ameegemea gunia la kimea.

Kaka akavua koti lake, akamfunika. Hakuniangalia. Alikuwa ameuona mkono wangu.

Jumapili, 25 Oktoba
Kaka kaondoka na basi la asubuhi kwenda Masasi. Nilimsindikiza. Njiani akasema: "Agnesi, marehemu nilimjua akiwa mzima tu. Mtu wa heshima. Nikakutoa kwa mkono wangu. Nilikuja kumjua akilewa siku uliyokuja nyumbani na jicho limevimba. Huyu nimemwona pande zote. Semeni siku." Nikamwambia safari njema. Nimelia nikirudi.

Mwalimu kaamka kichwa kinampasuka. Kauliza alisema nini jana. Nikamwambia alikwama kwenye saba mara nane. Kauliza kama kuna baya lolote. Hakuna, nikasema.

Nikampikia uji wa ulezi, tukakaa kwenye benchi nje. Nilikaa upande wa mkono wake wa kulia. Marehemu sikukaa upande wake huo, wa mkono uliopiga, hata siku moja. Nimeligundua sasa hivi tu, naandika.