Greda Halipandi Treni

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha uani, miguu haijavimba, na mwanangu Baraka yuko hapo karibu anakuchokoza. Ukiuliza habari zangu, mgongo unauma na mikono imepasuka kwa dizeli, lakini nakula vizuri. Migebuka ya huku ni samaki wa haki. Nikija nitakuletea mikavu, na usiseme inanuka kabla hujaionja.

Barua yako niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikalia, pale uliposema Baraka siku hizi ananiita "mama wa kwenye barua." Neno lile limenichoma, Mama. Ukasema pia umewatangazia majirani wote kwamba nakuja, na chumba umeshakipaka chokaa. Sasa kaa vizuri nikueleze kwa nini treni imeondoka na mimi bado nipo Kigoma. Usikasirike mpaka ufike mwisho.

Kazi yetu unaijua. Tunachonga barabara ya kwenda ufukweni, kaskazini mwa mji, wanakoshukia wakimbizi kutoka Burundi. Wanakuja kwa maboti yaliyojaa, na mlima unaanzia palepale maji yanapoishia, kwa hiyo hakuna gari linalofika. Mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka juu kwenye malori. Juzijuzi nilimkuta mwanamke amekaa katikati ya njia, uchungu wa kuzaa umemshika, hawezi kupanda wala kushuka. Alizalia pale pale, tumemzungushia kanga. Mvua zikianza kabla barabara haijafika chini, udongo ule utateleza hata wabebaji washindwe. Na barabara yote inategemea greda moja.

Basi greda hilo likaanza vituko. Gia ya kwanza linakwenda vizuri, ukitaka ya pili linakataa, au linaikubali kisha linairudisha lenyewe katikati ya mteremko mpaka roho inakuruka. Injinia wetu, Bwana Lyimo, mtu mwema ila hana subira, akasema gia boksi imekufa, greda lipakiwe kwenye treni likafunguliwe Dar. Behewa likaombwa. Mimi fundi wake ndiye ningelisindikiza, na nikishalikabidhi, mkataba wangu unaishia hapo. Kutoka Dar mpaka kwetu Korogwe ni basi moja tu. Ndiyo maana nilikuandikia nakuja. Nilifurahi Mama, sikufichi, nikafua nguo zangu zote.

Lakini moyo ulikataa kulipakia bila kulipima. Nilimwaga oili ya gia boksi nikaichuja kwenye kitambaa: safi, haina vumbi la chuma, hainuki kuungua. Gia boksi iliyokufa haitoi oili ya namna hiyo. Nikapanda juu na dereva wetu, Mzee Ramadhani wa Ujiji, nikakodolea macho mshale wa mwendo. Tunatembea, mshale unaanguka sifuri, na papo hapo gia inarudi chini.

Nikueleze, maana najua utamwuliza Mjomba. Kwenye gia boksi kuna kitu kidogo kama kidole, kinaitwa sensa. Kazi yake ni kuhisi meno ya gia yanavyopita na kuiarifu kompyuta ya greda mwendo ni kiasi gani. Kompyuta isipopata habari hiyo inaogopa, inang'ang'ania gia ndogo. Kwa hiyo greda lilikuwa na nguvu zake zote, ila lilikuwa halijui linakwenda au limesimama.

Nikaipima sensa kwa mita huku matairi yanazunguka juu ya jeki. Nzima kabisa. Nikapima upande wa pili, waya unapoingia kwenye kompyuta. Huko umeme mara unakuja, mara haupo. Basi ugonjwa uko njiani. Nikajilaza chini ya greda nikaufuata waya kwa vidole, polepole, mpaka chini ya kiti cha dereva vikazama kwenye kitu cha mafuta. Nikavitoa, vyekundu. Si oili wala grisi. Nikanusa. Mama, mawese!

"Mzee Ramadhani, haya mawese yamefikaje huku?"

Akainama akitabasamu kama mtu anayesubiri kusifiwa. "Nimeyapaka miye, mwanangu. Kila nikiliosha. Si maji yasiingie? Siye huku jembe tunapaka, panga tunapaka, mtoto akizaliwa tunapaka. Greda nalo lina kosa gani?"

Greda hulala kando ya ghala la unga la wakimbizi. Panya wa pale walikuwa wamechoka unga mkavu, wakapata na kitoweo. Walikula mawese na waya pamoja, shaba imebaki inaning'inia, kila tukipita kwenye bonde inaachana.

Nilitaka kufoka. Nilipomwonyesha, mzee wa watu akakaa kwenye tairi. "Kumbe miye ndo nimeliua."

"Hujaliua, Mzee. Umewapikia panya."

Akacheka, kisha akageukia upande wa mjini. "Na treni ishaingia stesheni," akasema.

Hapo ndipo nilipokwama. Hakuna aliyeuona waya ule ila sisi wawili. Ningeufunika na kufuta mikono, greda lingepanda behewa, na mimi ningekuwa kwako kabla chokaa ya chumba haijakauka vizuri. Nilimwona Baraka amesimama mlangoni. Nilimwona kabisa. Kisha nikamwona yule mwanamke kati ya njia. Nikafuta mawese yote kwa petroli, hayo yakabaki siri yangu na Mzee, nikaenda kwa Injinia na kipande cha waya mkononi.

"Gia boksi ni nzima. Panya wamekula waya. Greda halipandi treni."

"Una hakika, Neema? Behewa likiondoka tupu na greda likakwama, mvua itatukuta hapa hapa."

"Likikwama nitalisukuma mwenyewe. Nipe mpaka jioni."

Nilikata sehemu iliyoliwa, nikaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, nikausokota kama ulivyokuwa na kuupitisha ndani ya mpira mgumu. Mzee akawasha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mshale umepanda na kutulia. Akapiga honi kama wa harusini. Honi ya treni nayo ikaitikia kule stesheni, inaondoka. Nikalia kidogo, Mzee akajifanya anakagua tairi.

Jana barabara imefika mchangani. Gari la wagonjwa limeshuka mpaka maji yanapoishia, likapanda na mama mmoja na kichanga chake, wamekaa kwenye kiti kama watu. Alinitazama na ovaroli langu la oili, akasema, "Amahoro, mama," yaani amani, kwa lugha yao. Mvua imeanza alfajiri ya leo. Imebaki mifereji ya kando, na sitaondoka kabla haijachimbwa, maana bila mifereji maji yataila barabara yote.

Nisalimie Shangazi mwenye kwaya yake, na mwambie nimemsikia mpaka huku. Nisalimie Mjomba aliyenifundisha kushika spana, na umwulize kama amewahi kukuta mawese kwenye waya. Nisalimie jirani yetu mshonaji, gauni langu asiligawe.

Na Baraka mwite umsomee hapa mwenyewe: mwanangu, usisikie mtu akisema mama yako ameachwa na treni. Treni niliiacha mimi, kwa sababu kulikuwa na mama wengine wa kupandishwa mlima. Ile itakayokuja mifereji ikiisha siiachi. Ukiniona nashuka, usiniite wa kwenye barua.

Mwanao mkaidi,
Neema