Mikono miwili ya mama mkwe

Layla, huko Muyinga keti kwanza. Mama mkwe wangu amenimaliza nguvu.

Si unajua vile Mama Amisa anashika kikombe na mikono miwili, mtaa yote ya Nyamugari inamsifu adabu? Na mi haniachi: "Nadia, kupokea na mkono moja ni uhuni."

Leo dokta wa viungo hapa Gitega amemupa kikombe ya maji. Akapokea na miwili. Dokta akasema, "Sasa shika na moja."

Akajaribu. Layla, yeye, akashindwa.

Kumbe si adabu. Ni vidole vimevimba, havikunjiki, na alikuwa anatuficha.

Dokta akasema vidonge vyake vya viungo vimeshindwa, lakini iko sindano ya kutuliza huo uvimbe. Ila inapunguza kinga ya mwili, basi lazima wapime kifua kikuu kwanza. "Itarudisha vidole vyangu?" "Siwezi kuahidi, mama. Kuamua ni kwako."

Akasema turudi nyumbani, mi nikajua amekataa.

Kufika mlangoni: "Kesho twende wanipime. Nataka nikupe chai na mkono moja, na usithubutu kusema sina adabu."